Mji wa ukubwa wa kati huviinua vijiji vinavyouzunguka, au huvifyonza?

Mwanamipango aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limeigawa timu yetu pande mbili. Tunaandaa mpango wa miaka ishirini kwa ajili ya mji wenye wakazi wapatao laki tatu, pamoja na miji midogo na vijiji vinavyouzunguka. Baadhi yetu wanaamini kwamba mji ukikua, vijiji vitakua pamoja nao, kwa kuwa wakulima watapata wanunuzi wa karibu, vijana watapata ajira za mshahara, na huduma kama hospitali ya rufaa na vyuo zitapatikana bila kusafiri hadi jiji kuu. Wengine wanashikilia kwamba mji huo utavifyonza vijiji: utachukua vijana waliosoma, akiba zilizowekwa benki, maji ya mito na ardhi yenye rutuba, kisha utavirudishia taka. Kila upande umeleta mifano yake, na baada ya kuichunguza nimeona kwamba mifano ya pande zote mbili ni ya kweli. Hilo ndilo linalonisumbua.

Ningependa kuelewa ni masharti gani yanayoufanya mji wa aina hii uyainue maeneo yanayouzunguka, na ni yapi yanayoufanya uyadhoofishe. Pia, maandiko mengi ninayokutana nayo kuhusu uchumi wa miji yanazungumzia majiji ya mamilioni ya watu. Je, mji wa laki tatu ni jiji kubwa lililopunguzwa vipimo, au una uchumi wa namna yake? Nitafurahi zaidi kupata maelezo ya jinsi mambo yanavyofanya kazi kuliko mapendekezo, kwa sababu mapendekezo tunayo mengi na yanapingana.

Mwalimu wa Jiografia alijibu:

Ndugu Mwanamipango, mgawanyiko ulio katika timu yenu una umri mkubwa, na watu makini sana wamewahi kusimama pande zake zote mbili. Mwaka 1957 Gunnar Myrdal, mchumi wa Sweden, alieleza kwamba kituo kinachokua huzaa mikondo miwili kwa wakati mmoja. Mkondo mmoja huvuta watu, mitaji na biashara kutoka maeneo jirani, na wa pili husambaza mahitaji, ujuzi na teknolojia kuelekea maeneo hayohayo. Mwaka uliofuata Albert Hirschman alitoa wazo linalofanana na hilo, ila yeye alitumaini kwamba mkondo wa kusambaza ungeshinda hatimaye, wakati Myrdal aliona kwamba soko likiachwa lenyewe, aliyetangulia huzidi kutangulia. Wenzako wanautazama mto mmoja wakiwa wamesimama kwenye kingo tofauti. Kazi yenu ni kujua ni nini kinachoupa nguvu mkondo mmoja kuliko mwingine mahali penu.

Kwa maoni yangu, jambo linalozidi yote kwa uzito ni umbali unaoweza kusafiriwa kwenda na kurudi kwa siku moja. Mtu anayehama kijiji kwenda jiji la mbali huondoka na nguvu zake zote: mshahara wake hulipa pango la huko, watoto wake husoma huko, na kijiji hubaki kutegemea fedha anazotuma pale anapoweza. Mji wa kati ulio umbali wa saa moja kwa basi una uhusiano tofauti kabisa na kijiji hichohicho. Mkazi anaweza kufanya kazi mjini mchana na kulala kwake, kaya moja inaweza kuwa na mshahara na shamba kwa pamoja, na sehemu ya kipato cha mjini hutumika kijijini kila siku, ikilipa fundi, mwenye duka na mlezi wa watoto. Kaya yenye mshahara mmoja wa uhakika pia huthubutu kununua mbegu bora au kupanda zao linalochukua miaka kuzaa, kwa kuwa mavuno yakikosekana haitalala njaa. Faida hii haionekani katika takwimu za mji wala za kijiji zikisomwa peke yake.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu unatoka mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ambako watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka 2010, wakiwatafuta hata wale waliohama. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, Luc Christiaensen, Joachim De Weerdt na Yasuyuki Todo walionyesha kwamba takriban nusu ya watu waliotoka katika umaskini walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia katika shughuli nyingine vijijini au katika miji midogo na ya kati, ilhali waliotoka kwa kuhamia majiji makubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba. Waliofika majijini maisha yao yaliboreka kwa kasi zaidi, lakini walikuwa wachache. Mtu maskini anaufikia mji wa karibu kwa gharama ndogo, anaweza kuujaribu na kurudi akishindwa, na kwa kawaida ana ndugu wa kumpokea huko. Mlango huo ni mpana, hata kama chumba unachoingilia si kikubwa.

Sasa swali lako la pili. Mji wa kati una uchumi wa namna yake. Mwaka 1974 J. Vernon Henderson alitoa hoja ambayo bado naiona ina nguvu: gharama za msongamano, pango na ardhi hupanda kadiri watu wanavyoongezeka, bila kujali wanafanya kazi gani, lakini faida ya kukaa pamoja hupatikana hasa miongoni mwa wanaofanya kazi inayofanana. Kwa hiyo mji usio mkubwa hufanikiwa kwa kubobea katika kazi chache, badala ya kubeba gharama za kila kitu. Gilles Duranton na Diego Puga waliongeza mwaka 2001 kwamba bidhaa mpya huzaliwa mara nyingi katika majiji makubwa yenye shughuli za kila aina, ambako mbunifu anaweza kujaribu njia nyingi, na namna ya kuitengeneza ikishajulikana vizuri, kiwanda huhamia mji ulio mdogo zaidi na uliobobea, ambako gharama ni nafuu. Ukilikubali hilo, mji wenu hauna sababu ya kuliiga jiji kuu. Una sababu ya kujiuliza ni kazi gani zilizokomaa jijini ambazo sasa zinatafuta mahali pa nafuu penye watu wanaojua kuzifanya.

Karani wa Bajeti alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu safari ya siku moja, na nataka kuonyesha mahali ambapo faida hiyo hupotea. Eneo la maisha ya watu na eneo la utawala havilingani. Watu wa vijiji ishirini wanaweza kuwa soko moja la ajira, lakini kila kijiji, kila mji mdogo na mji wenyewe una kitabu chake cha mapato na matumizi.

Waliolazimika kupima maeneo haya kwa makini waliacha mipaka ya utawala zamani. Umoja wa Ulaya pamoja na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, huanza na kitovu chenye watu wasiopungua 50,000, kisha huongeza kila manispaa jirani ambayo angalau asilimia 15 ya wafanyakazi wake husafiri kwenda kazini katika kitovu hicho. Nchini Marekani kitovu ni hichohicho cha watu 50,000, lakini kiwango cha wasafiri ni asilimia 25. Kiwango chochote mtakachochagua kitabishaniwa, na hilo si tatizo. Kilicho muhimu ni kuchora ramani ya eneo kwa kufuata nyayo za watu kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya mpango, kwa sababu mkianza na ramani ya utawala mtajikuta mnapanga nusu ya uchumi na kuiacha nusu nyingine kwa jirani.

Hebu tuone fedha zinavyokwenda. Kiwanda kikijengwa ndani ya mpaka wa mji, kodi ya majengo na leseni huingia katika mfuko wa mji. Wafanyakazi wake wakiishi vijijini, shule za watoto wao, zahanati na barabara za mtaa ni mzigo wa vijiji. Kinyume chake pia hutokea: wenye kipato kizuri huhamia nje kidogo ya mpaka ambako kodi ni ndogo, huku wakitumia barabara, masoko na hospitali ambazo mji unazilipia. Kwa vyovyote, mmoja anabeba gharama na mwingine anavuna, na hapo ndipo chuki kati ya mji na vijiji huota mizizi. Kibaya zaidi, halmashauri jirani huanza kugombea mwekezaji mmoja kwa kumpunguzia kodi, mpaka aliyeshinda anakuta ameshinda kitu kisichomlipa.

Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani walitunga sheria mwaka 1971 kwa ajili ya eneo la Minneapolis na Saint Paul. Kila manispaa huchangia katika mfuko wa pamoja asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda tangu mwaka huo, na kinachokusanywa hugawanywa kwa kuzingatia idadi ya watu na uwezo wa kila manispaa. Eneo hilo ni kubwa kuliko lenu, nalijua hilo, lakini kanuni yake haitegemei ukubwa. Meya wa mji mdogo anayejua kwamba sehemu ya mapato ya kiwanda itamfikia hata kikijengwa kwa jirani hana sababu kubwa ya kukizuia wala ya kukinunua kwa msamaha wa kodi. Uchaguzi wa 40 badala ya 100 nao una busara, kwa kuwa manispaa inayopokea kiwanda ndiyo inayovumilia malori na moshi, na inastahili kubaki na sehemu kubwa zaidi.

Ufaransa ilifuata njia nyingine mwaka 1999 kwa sheria iliyozipa manispaa sababu za kifedha za kujiunga katika jumuiya za miji yenye angalau wakazi 50,000, na jumuiya hizo zikapewa kodi ya biashara ya kiwango kimoja, inayokusanywa na jumuiya badala ya kila manispaa. Ushindani kati ya majirani ulipoteza maana mara moja. Naandika haya yote kwa kirefu kwa sababu nimeona mipango mizuri ikifa kwa kukosa makubaliano ya namna hii, na katika mikutano ya mipango jambo la kugawana mapato huachwa hadi mwisho, wakati kila mtu amechoka.

Mhandisi alijibu:

Mmezungumza vizuri kuhusu kugawana, nami nataka turudi nyuma hatua moja: cha kugawana kinatoka wapi? Mji hauwezi kuishi kwa kunyoana nywele na kuuziana chakula. Lazima kuwe na kitu ambacho watu wa nje ya eneo wananunua, kiwe ni bidhaa, elimu ya chuo, matibabu au utalii, na fedha inayoingia kwa njia hiyo ndiyo inayozunguka kwa kinyozi na kwa mwenye duka. Enrico Moretti alikadiria mwaka 2010, kwa takwimu za miji ya Marekani, kwamba kila ajira mpya ya kiwandani iliambatana na ajira nyingine 1.6 katika huduma za mji huohuo. Wengine waliorudia hesabu zake walipata namba ndogo zaidi, kwa hiyo msiiandike katika mpango kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mwelekeo wake hata hivyo ni sahihi: ajira inayouza nje huzaa ajira za ndani, na ajira za ndani haziwezi kuchukua nafasi yake.

Mfano ninaoupenda ni Eindhoven nchini Uholanzi, mji ambao hata leo una wakazi wapatao laki mbili na nusu tu. Kampuni ya Philips ilianzishwa hapo mwaka 1891 ikitengeneza taa, na kwa karibu karne nzima mji uliitegemea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Philips ilipunguza maelfu ya wafanyakazi, na mwaka 1993 kampuni ya malori ya DAF, mwajiri mwingine mkubwa wa hapo, ilifilisika. Mji uliotegemea waajiri wawili ulipigwa na wote kwa wakati mmoja. Kilichouokoa kilikuwa tayari kimo ndani yake. Karne nzima ya uzalishaji ilikuwa imeacha mafundi wanaojua kufanya kazi za usahihi mkubwa, karakana ndogo zilizozoea kuuza vipuri kwa mwajiri mkubwa, na chuo kikuu cha ufundi. Manispaa za eneo hilo zilianza kuchangia mfuko wa pamoja wa maendeleo, vyuo na kampuni vikakaa meza moja nazo, na hadi leo manispaa 21 hufanya kazi kama eneo moja. Kampuni ya ASML, iliyoanzishwa mwaka 1984 Philips ikiwa mmoja wa wabia, sasa hutengeneza mashine ambazo bila hizo chipu za kisasa kabisa za kompyuta haziwezi kutengenezwa popote duniani.

Karani wa Bajeti atalifurahia hili: makao makuu ya ASML hayamo Eindhoven. Yamo Veldhoven, manispaa jirani yenye watu wasiofika elfu hamsini. Kama Eindhoven ingepanga uchumi wake ndani ya mpaka wake, kampuni yenye uzito kuliko zote katika eneo ingekuwa nje ya karatasi. Na ukuaji huo umeleta mzigo wake, kwani mwaka 2024 serikali ya Uholanzi ilitangaza takriban euro bilioni 2.5 kwa ajili ya makazi, usafiri na elimu katika eneo hilo, baada ya nyumba na barabara kushindwa kuufuata mwendo wa viwanda.

Mfano wa pili ni São José dos Campos nchini Brazil. Serikali ilianzisha hapo chuo cha uhandisi wa anga mwaka 1950, na kampuni ya ndege ya Embraer ilianzishwa mwaka 1969. Tazameni miaka hiyo kumi na tisa. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wameshakuwa wahandisi wenye uzoefu kabla kiwanda hakijawepo. Mipango mingi niliyoisoma inataka kiwanda kwanza na chuo baadaye, kisha watu wanashangaa kwa nini kazi nzuri zinachukuliwa na wageni na za ulinzi na usafi zinaachiwa wenyeji.

Na kuna mfano unaonakiliwa vibaya. Wageni wengi hufika Bilbao nchini Hispania, wakaliona jumba la makumbusho la Guggenheim lililofunguliwa mwaka 1997, wakarudi makwao na wazo la kujenga jumba la ajabu. Hawaoni kwamba mto uliochafuliwa na viwanda ulikuwa ukisafishwa tangu miaka ya 1980, kwamba treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1995, na kwamba tangu mwaka 1992 kulikuwa na chombo kimoja kilichoziunganisha serikali za ngazi zote, kikachukua ardhi ya bandari na reli iliyoachwa na kuitumia kulipia ujenzi mpya. Jumba lilikuwa juu ya kazi hiyo yote. Miji iliyojenga jumba peke yake ina deni na vyumba vitupu.

Mpimaji Ardhi alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na nasikitika kwamba mkulima wa ukingoni hajatajwa bado isipokuwa kama msafiri wa basi. Mahali ambapo mji hugusana na kijiji kwanza ni katika ardhi, na hapo ndipo ufyonzaji anaouhofia Mwanamipango hutokea kwa macho makavu.

Johann Heinrich von Thünen alionyesha mwaka 1826 kwamba ardhi iliyo karibu na mji hutumika kwa mazao yasiyostahimili safari, kama mboga na maziwa, na kwamba pango la ardhi hupanda kadiri unavyosogelea soko. Barafu, malori na barabara vimebadilisha umbali, lakini mteremko wa thamani bado upo. Mji unapopanuka, shamba lililokuwa na thamani ya mazao linapata thamani ya viwanja, na tofauti kati ya thamani hizo mbili ni kubwa mno. Hakuna aliyeizalisha kwa jasho lake: imeletwa na barabara, maji na watu waliokuja. Mkulima akilipwa fidia kwa bei ya shamba, kisha ardhi yake ikapimwa na kuuzwa kwa bei ya viwanja, utajiri wote wa ukuaji umempita mlangoni. Anabaki na fedha zinazoisha katika miaka michache na hana tena ardhi wala ujuzi wa kazi ya mjini.

Njia mbadala ipo na ina historia ndefu. Ni kuiweka ardhi ya wamiliki pamoja na kuipima upya. Frankfurt nchini Ujerumani ilipata sheria yake ya jambo hilo mwaka 1902 chini ya meya Franz Adickes, na Japani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1954, ikaitumia kwa upana kujenga upya na kupanua miji yake. Wamiliki wa eneo lililokusudiwa huweka ardhi yao pamoja, eneo lote hupimwa upya, sehemu hutengwa kwa barabara, shule na mifereji, sehemu nyingine huuzwa ili kulipia gharama, na kila mmiliki hurudishiwa kiwanja kidogo kuliko shamba lake la awali lakini chenye thamani kubwa zaidi kwa sababu sasa kina barabara na maji. Mkulima anabaki mahali pake akiwa mmiliki. Inahitaji uvumilivu, kumbukumbu safi za umiliki, na wapimaji ambao wanakijiji wanawaamini, na kumbukumbu hizo ni bora zikaandaliwa mapema, kabla bei haijaanza kupanda, kwa maana baada ya hapo kila mpaka wa shamba huwa kesi.

Ningeomba pia mpango wenu utaje kwa jina maeneo ambayo hayatajengwa. Bonde linalolisha mji mboga na kuuhifadhia maji likishafunikwa kwa saruji halirudi.

Mwanamipango aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeyasoma majibu haya mbele ya timu, na tumekubaliana kuanza upya na ramani, kwa kufuata safari za watu. Hoja ya Mpimaji Ardhi imetushtua, kwani sura ya ardhi katika rasimu yetu ilikuwa na kurasa mbili tu, na zote zilihusu maeneo ya viwanda.

Limebaki jambo moja. Serikali kuu inapanga barabara kuu ya kasi itakayotuunganisha na jiji kubwa lililo umbali wa saa nne, na safari itapungua hadi saa mbili. Katika timu yetu hakuna hata mmoja anayeipinga. Sote tunaihesabu kuwa faida. Baada ya kusoma kuhusu mikondo miwili, nimeanza kuwa na wasiwasi. Je, wasiwasi huo una msingi?

Mwalimu wa Jiografia alijibu:

Una msingi. Barabara hupunguza gharama ya kwenda na gharama ya kuja kwa kipimo kilekile, na kiwanda cha jijini kilichokuwa kimezuiwa na umbali kitaweza kuuza kwenu kesho yake. Benjamin Faber alichunguza mtandao wa barabara kuu za China na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Mtandao ulikusudiwa kuunganisha majiji makubwa, na wilaya nyingi zilizokuwa katikati ya njia ziliunganishwa kwa sababu tu barabara ilipita kwao. Wilaya hizo zilikua polepole kuliko zile ambazo hazikuunganishwa, hasa kwa sababu uzalishaji wa viwanda vyao ulidumaa mbele ya ushindani wa majiji.

Hilo halina maana kwamba mkatae barabara. William Alonso alieleza mwaka 1973 kwamba mji mdogo ulio karibu na jiji kubwa unaweza kuuazima ukubwa wa jiji hilo: kampuni za mji mdogo hupata wataalamu, mabenki na wanunuzi wa jiji bila kulipa pango la jiji. Kinachotofautisha mji unaoazima na mji unaomezwa ni kile kilichopo siku barabara inapofunguliwa. Mji uliobobea katika kazi fulani, kama alivyoeleza Mhandisi, hupata soko kubwa zaidi kwa bidhaa yake. Mji ambao viwanda vyake viliishi kwa sababu vya jijini havikuweza kufika, utavipoteza. Kwa hiyo chukueni orodha ya waajiri wenu na kwa kila mmoja ulizeni anamuuzia nani, na kama anauza humohumo tu, ni kwa ubora au ni kwa kulindwa na umbali. Jibu halitapatikana ofisini, itabidi muwatembelee.

Jambo lingine ni mpangilio wa kazi. Katika miaka mingi ya kufundisha somo hili nimeona barabara kuu ikitangulia na barabara za vijijini zikisubiri awamu inayofuata, na awamu hiyo ikawa haiji. Matokeo yake mji unakaribia jiji huku vijiji vikibaki mbali na mji palepale vilipokuwa, na mzalishaji wa jijini anamfikia mteja wa mjini kwa urahisi kuliko mkulima aliye kilomita thelathini. Kama mna sauti yoyote katika mradi huo, itumieni kudai kwamba barabara za kuviunganisha vijiji na mji, pamoja na soko la jumla na ghala la baridi mahali zinapokutana, zikamilike kabla au pamoja na barabara kuu.

Na anzeni kukusanya takwimu sasa, wakati barabara haijajengwa, kwa sababu baada ya kufunguliwa hamtakuwa na cha kulinganisha nacho. Hesabuni abiria na magari katika kila njia inayoingia mjini, alfajiri na jioni, siku ya soko na siku ya kawaida, katika msimu wa mavuno na nje ya msimu. Kwa malori, hesabuni pande zote mbili, na mwandike yapi yanarudi kijijini na mzigo na yapi yanarudi matupu.